Kadi Nyekundu ya Mama Dakika

Kama hujawahi kusimama kwenye foleni ya gurudumu kubwa linalozungusha watu angani, siku ya likizo, jua liko utosini, mtoto wa mkononi anataka maji na wa mgongoni anataka chooni, basi habari hii utaiona ndogo. Sisi wengine tumesimama. Na tuliosimama tunamjua Mama Dakika.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye sauti isiyohitaji spika. Kwa miaka tisa kazi yake katika bustani ile ya michezo ilikuwa moja: kuketi kwenye kigoda penye lango la gurudumu, kuchana tiketi, na kuandika kwenye ubao mweusi mtu atasubiri dakika ngapi. Chaki aliichomeka sikioni kama seremala na penseli yake. Foleni ilijikunja kati ya vyuma, ikienda na kurudi, ikienda na kurudi, hivyo mahali inapoanza na mahali inapoishia palikuwa hatua chache tu kutoka alipoketi. Wote aliwaona.

Sasa usidhani alikuwa anakisia. Kukisia ni kazi ya wavivu. Yeye alikuwa na kadi nyekundu ya plastiki, yenye kamba ya kuvaa shingoni. Alimvisha mtu wa mwisho kwenye foleni, akatazama saa yake. Kadi ikatembea na huyo mtu, kona kwa kona, mpaka ikafika langoni. Akaipokea, akatazama saa tena, akafuta ubao, akaandika. Vijana walipenda kumtania, Mama, nimecheza rafu gani mpaka unipe nyekundu? Naye aliwajibu kuwa wamezaliwa, hilo linatosha. Lakini akiandika thelathini na tano, ni thelathini na tano. Watu walikwenda kula, wakarudi, wakapanga maisha yao kwa chaki ya mwanamke yule.

Jambo hili alilirithi. Baba yake alikuwa kinyozi mwenye kiti kimoja na benchi moja, na pale benchini mteja wa mwisho alishikishwa chanuo lenye jino lililovunjika. Chanuo likifika kwenye kiti, mzee anajua kichwa kinachoingia sasa kimesubiri kiasi gani, na anamwambia anayefuata ukweli: wewe nenda sokoni, rudi baada ya nusu saa. Jirani yake, kinyozi mwenzake, kila mtu alimwambia "dakika tano tu". Miaka miwili baadaye yule jirani alikuwa ananyoa nzi. Anayejua atasubiri mpaka lini hachoki, mzee alikuwa akisema; anayechoka ni aliyedanganywa. Bintiye alikua na maneno hayo kama wengine wanavyokua na alama ya chanjo.

Basi akaja meneja mpya. Kijana, viatu vinameta, kompyuta kwapani. Si mtu mbaya kwa sura, na salamu anatoa. Lakini alikuwa amepiga hesabu zake, na hesabu zilimwambia kuwa mtu aliye kwenye foleni hanunui kitu. Mikono iko kwenye vyuma, mfuko umelala. Dawa yake akaipata. Akafungua dirisha la tiketi ya haraka, bei mara mbili, mwenye nayo anaingia kwa mlango wa pembeni bila kusimama. Sasa, ubao ukisema dakika tisini, nusu ya watu watakata tamaa waende kwenye vibanda vya chipsi na kofia, na nusu watakimbilia dirisha la haraka. Na kila anayeingia kwa mlango wa pembeni anamrudisha nyuma aliyeko juani. Yaani unamkanyaga mtu, halafu unamuuzia plasta!

Alikuja mwenyewe hadi kwenye kigoda. Akamwambia kwa adabu kuwa kuanzia kesho, saa tano mpaka saa kumi, ubao uandikwe tisini.

"Na kadi ikisema thelathini na tano?" Mama Dakika akauliza.

"Kadi haisemi, Mama. Ofisi ndiyo inayosema."

Mama Dakika akachana tiketi iliyofuata. Kesho yake akaandika thelathini na tano. Keshokutwa arobaini, kwa sababu zilikuwa arobaini. Siku ya nne akaletewa barua ya onyo. Akaisaini kuwa ameipokea, akaitia kwenye mfuko pamoja na chakula chake cha mchana, na jioni ilifika nyumbani ina mafuta.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu mwenye magoti mabovu na cherehani iliyokaa karibu na dirisha ili asiwashe taa mapema. Ndiye aliyeishona kamba ya ile kadi. Akaisoma barua, akaipangusa, akaisoma tena. Alikuwa na hoja, tusimwonee. Binti yao yuko mwaka wa pili chuo cha uuguzi, na cherehani peke yake haimalizi karo. Akamkumbusha mkewe kuwa mwenye nguvu mpishe, kwamba ile ni namba tu, haina damu, na kwamba hakuna aliyewahi kufa kwa kusoma tisini.

"Wanaposoma ile namba hawamtazami meneja," mkewe akasema. "Wananitazama mimi usoni. Mimi ndiye ninayesema uongo."

"Unga ukimwagika utauzoa wewe."

"Nitauzoa."

Cherehani ikalia kwa hasira mpaka giza likaingia, na kola aliyoishona usiku ule ilibidi aifumue asubuhi.

Jumamosi ya kwanza ya likizo ya shule, Mama Dakika alifika akakuta ubao haupo. Mahali pake pamesimamishwa kioo kinachowaka, namba nyekundu kubwa kama mlango: 90. Inaendeshwa kutoka ofisini. Msimamizi alikuwa anamsubiri, shingo upande, akasema ametumwa tu, na kwamba anaomba kadi. Kuanzia leo Mama achane tiketi, basi. Mama Dakika akaivua, lakini kabla ya kumpa akaifungua ile kamba taratibu, fundo kwa fundo.

"Kadi ni ya bustani," akasema. "Kamba ni ya mume wangu."

Akaketi, akachana tiketi. Usidhani hakuogopa. Karo ya binti yake aliiona mbele ya macho kila alipoinua kichwa, na saa nzima alijiambia kuwa si yeye aliyeandika, mikono yake ni safi, ameze tu. Saa tano watu walikuwa wamejaa mpaka mkia wa foleni umetoka nje ya vyuma.

Ndipo akaja mama mmoja na watoto watatu. Akasimama mbele ya kioo. Akasoma tisini. Akatazama dirisha la haraka, akafungua pochi, akaifunga, akaifungua tena. Kisha akainama akawaambia wanawe kuwa atapanda mmoja tu, na wao wenyewe wachague nani. Jamani! Mkubwa, msichana wa miaka kama tisa, akasema yeye hataki kabisa, gurudumu lenyewe la kitoto, na huku machozi yamemjaa.

Hapo damu ikamchemka Mama Dakika. Akachukua mfuko wake. Chakula chake kilikuwa kimefungwa kwenye kitambaa chekundu, kipande kilichobaki mezani kwa mumewe. Akakifungua, chakula akakiacha wazi juu ya kigoda, kitambaa akakifunga kwenye ile kamba. Akamwendea yule mama na kumvisha shingoni.

"Mwanangu, funga pochi," akamwambia. "Simama hapo mwisho na wanao wote. Ukifika kwangu utajua umesimama kiasi gani."

Yule mama alimtazama usoni, kisha akatazama kioo. Akasimama foleni.

Mama Dakika akaangalia saa yake. Akachana tiketi, akafukuza nzi kwenye chakula, akachana tiketi. Kitambaa kikaenda kona ya kwanza, kikarudi, kikaenda. Kilipofika langoni akatazama saa, akapanda juu ya kigoda, chakula akakisukuma kwa mguu, na akasema kwa ile sauti aliyopewa na Mungu: "Dakika arobaini na moja!"

Mtu wa mbele akamgeukia wa nyuma: arobaini na moja. Wa nyuma akampa wa nyuma yake. Neno likapita kwenye vyuma, kona kwa kona, mpaka mkiani, na kule mkiani mtu akakitazama kile kioo cha tisini akaanza kucheka. Kicheko nacho kikarudi mbele. Waliokuwa kwenye dirisha la haraka wakaona watu wanacheka, wakauliza kuna nini, wakaambiwa. Kitambaa kilipofika langoni mara ya tatu, muuza tiketi za haraka alikuwa ameegemea kiganja, hana mteja. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, ila hawakusema ni fupi hivyo.

Meneja akashuka. Viatu vyake vikapata vumbi kwa mara ya kwanza. Akasema kwa sauti ya chini, lakini ya kuamrisha, kuwa Mama amfuate ofisini sasa hivi.

Mama Dakika akamnyooshea kitambaa.

"Foleni ina watu, mwanangu. Shika hiki ukasimame mwisho. Kikifika hapa, na mimi nitakuwa tayari."

Foleni nzima ililipuka. Mtu akapiga mluzi. Meneja hakukishika, aligeuka akaondoka, masikio mekundu, na mzee mmoja mwenye mjukuu akajitolea kukishika badala yake.

Jioni, gurudumu liliposimama, alikwenda ofisini mwenyewe. Katibu akamwambia aketi, dakika tano tu. Aliketi. Ndani alimsikia meneja akicheka kwenye simu. Alipoitwa, barua ilikuwa tayari mezani, imepigwa muhuri. Aliisoma yote akiwa amesimama. Miaka kumi na mmoja si mchezo: miwili ya ufagio na tisa ya kigoda, na yote imetoshea kwenye ukurasa mmoja.

"Katibu wako aliniambia tano," akamwambia meneja. "Zilikuwa hamsini na mbili."

Akatoka.

Nyumbani aliiweka barua juu ya cherehani na kwenda kuosha uso. Aliuosha muda mrefu, akisubiri kusikia "nilikwambia". Aliporudi mumewe alikuwa amevua miwani. Akamuuliza, hicho kitambaa kinachotajwa kwenye barua kilifanya kazi? Mkewe akamsimulia yote, tangu mtoto aliyesema gurudumu la kitoto mpaka mzee mwenye mjukuu. Fundi akasikiliza, mara moja akacheka mpaka akashika goti. Kisha akavuta droo ya cherehani.

"Kiingilio siku hizi ni kiasi gani?"

Mkewe akamtajia, hakuelewa.

"Kesho nenda kama mgeni," akasema fundi, akimsukumia pesa. "Mfanyakazi wanamfukuza. Mgeni aliyelipa watamfukuza kwa lipi? Karo tutaitafuta. Mimi nina magoti mabovu, mikono bado."

Ndipo alipolia, mbele ya mumewe, bila kujificha.

Jumapili alivaa gauni lake la harusi za watu. Akakata tiketi dirishani kama mtu yeyote, akasimama mwisho wa foleni ya gurudumu, kitambaa chekundu mkononi, akatazama saa. Wengine walimtambua na wakampa salamu. Mmoja alitaka kumpisha apite mbele. Akamkatalia katakata, utaniharibia kipimo. Alisimama juani kona baada ya kona, miguu ikivimba, na kwa mara ya kwanza alijua mwilini dakika zake zilivyokuwa nzito.

Walinzi wawili walimfikia kwenye kona ya mwisho. Wakaomba tiketi, akaonyesha. Mkubwa wao akakitazama kitambaa, akakuna kichwa. Akaulizwa na watu kama siku hizi kufunga kitambaa mkononi ni kosa. Akabaki amesimama pale, naye anasubiri.

Langoni, kwenye kigoda, alikuwepo msichana mgeni kazini. Alichana tiketi ya Mama Dakika bila kumtazama usoni, juu yake tisini inawaka. Kisha, midomo haijafunguka vizuri, akauliza: "Ni ngapi, Mama?"

"Thelathini na nane!" akasema Mama Dakika, na vibanda vya chipsi vilisikia.

Thelathini na nane, foleni ikapokea, ikarudisha nyuma. Akakifungua kitambaa, akampa kijana aliyekuwa nyuma yake ampitishie wa mwisho. Kikaenda juu ya vichwa, mkono kwa mkono, na mlinzi mkubwa, kilipomfikia, akakishika kidogo, akampa aliyefuata.

Miaka tisa alikuwa amewapandisha watu kwenye gurudumu lile, na yeye hakuwahi kulipanda. Chuma kikafungwa mapajani, kiti kikayumba, akashika kwa mikono miwili akimtaja mama yake. Likapanda. Kutoka juu alikiona kile kioo kwa nyuma, ni nyaya tu na vumbi. Aliona dirisha la ofisi na mtu amesimama ndani yake, mikono kiunoni. Akatafuta mkia wa foleni, kule nje ya vyuma, mpaka akakiona: alama ndogo nyekundu, kwenye mkono wa mtu asiyemjua, inasogea hatua moja mbele.

Mama Dakika akaachia chuma kwa mkono mmoja, akatazama saa yake.