Sabuni Iliyoliwa na Maji ya Isiolo

Saa mbili asubuhi, nyuma ya zahanati ya kijiji kilichozungushiwa uzio wa miiba nje ya mji wa Isiolo, Mumina Dabasso anakamua shuka kwa mikono yote miwili. Anaikunjua, anaitazama juani, kisha anairudisha ndani ya karai.

"Bado," anasema. "Hii ikikauka hivi itakuwa ngumu kama ngozi. Mgonjwa atalalia hii?"

Mumina, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, ni dobi wa zahanati hiyo. Anafua shuka arobaini kwa wiki kwa mshahara wa shilingi hamsini kwa mwezi, na ana watoto wanne. Mwezi uliopita alilala mahabusu siku mbili kwa sababu ya sabuni, na hataki mtu yeyote asahau.

Kabla ya vita hivi vya serikali na Shifta, waasi wa porini, alikuwa mfugaji kule Korbesa. Mwaka jana familia yake iliamriwa kuhamia ndani ya uzio. Ng'ombe wao kumi na tisa walikufa kwa kukosa malisho, maana hakuna aliyeruhusiwa kuwapeleka mbali.

"Nililia ng'ombe yangu mpaka machozi ikaisha," anasema. "Halafu nikatafuta kazi."

Kazi yenyewe inategemea maji ya kisima cha pampu. Ukiyatazama kwenye glasi huoni kasoro. Lakini ni maji magumu: yamepita kwenye mawe chini ya ardhi, yakayeyusha chokaa njiani. Ukitia sabuni, chokaa huidaka kwanza na kuganda nayo, ukabaki na utando wa kijivu. Povu haliji mpaka chokaa yote iwe imeshiba sabuni. Chungulia birika lolote la kijiji hiki, utaona ukoko mweupe.

Karani wa stoo, Kaimenyi, hakulijua hilo. Ametoka upande wa Meru, ambako maji ya kijito yanashuka kutoka mlimani na kipande kidogo cha sabuni kinajaza karai povu. Akaipimia Isiolo kwa kipimo cha nyumbani kwao: miche miwili kwa wiki. Mumina alipoomba miche mitano, karani alipandwa na hasira. Akamfuata hadi kwenye foleni ya maji, watu wote wakisikia.

"Huyu mama ni mwizi! Sabuni ya serikali inaenda porini kwa shifta!"

Siku hizi neno kama hilo linaweza kumpoteza mtu. Askari walimchukua Mumina palepale na kumnyang'anya pasi ya kutoka nje ya uzio. Kituoni alishauriwa akubali kosa ili adhabu iwe ndogo.

"Nikasema walahi sikubali, hata mkinikata shingo. Leteni karai mbili."

Sajini alicheka. Daktari wa zahanati, aliyekuja kumwombea, hakucheka. Aliagiza karai, moja ikajazwa maji ya pampu, ya pili maji ya mvua kutoka pipa lake mwenyewe. Kaimenyi naye akaitwa.

"Osha wewe, karani," Mumina akamwambia. "Mimi sitagusa, usije ukasema nimefanya uchawi."

Kaimenyi akavua saa, akafua leso yake. Kwenye maji ya pampu alisugua hadi jasho likamtoka, na alichopata ni utando uliomng'ang'ania vidoleni. Kwenye maji ya mvua, kwa sabuni ileile, povu lilimfika viwikoni. Sajini aliacha kucheka. Mumina aliachiliwa kabla ya adhuhuri.

Leo pasi yake imerudi na anapewa miche mitano. Hata hivyo haipotezi sabuni: huyachemsha maji kwanza, huacha sehemu ya chokaa itue chini ya sufuria, kisha huyamimina taratibu. Sasa anataka mifereji ya bati iwekwe kwenye paa la zahanati kabla ya mvua za Novemba, na daktari ameahidi kuandika barua ya kuiomba.

Kuhusu Kaimenyi, amemtuma mzee Golicha, jirani wa Mumina, mara mbili kuomba msamaha. Mara ya pili alituma pamoja na kilo mbili za sukari. Mumina aliirudisha sukari bila kuifungua.

Mwandishi huyu alimuuliza kama hajaona kwamba yatosha. Mtu amekiri, kazi imerudi, na katika kijiji chenye askari getini ni hatari kugombana na karani wa serikali.

Mumina aliikunja shuka, akaiweka begani.

"Wakati wa kuniita mwizi hakutuma mzee," alisema. "Alikuja na miguu yake. Foleni iko pale kila asubuhi. Na yeye anajua njia."