Tui la Ijumaa na Wavu wa Shangazi

Enzi zetu, sisi tuliokulia Jang'ombe, Ijumaa haikuhitaji kalenda. Ukiamka tu unasikia mbuzi za kukunia nazi zinakwaruza kila nyumba, na sisi watoto tumeshajipanga uani kugombea machicha ya kutilia sukari. Watoto wa leo ukiwaambia kwamba machicha yalikuwa peremende yetu, wanakutazama kwa huruma. Nazi wao wanaijua ikiwa ndani ya boksi, inakatwa ncha kwa mkasi.

Mkubwa wa nyumba yetu alikuwa Bibi, mama yake baba. Mambo mawili kwake hayakuwa na mjadala: sala na tui. Tui lazima lichujwe kwa kifumbu, ule mfuko mrefu wa ukindu, tena likamuliwe mpaka mkono uchoke. Jambo la tatu lilikuwa linamuuma. Shangazi Rukia, binti yake wa mwisho, alisoma mpaka chuo kikuu, kisha akarudi nyumbani akawa, kwa maneno ya Bibi, anavua maji.

Hakuwa anatia chumvi sana. Kila mwezi, maji ya bamvua yakifika, Shangazi alikwenda pwani ya Uroa, akaingia baharini na wavu wa kitambaa cheupe laini ajabu, mdomo wake una duara la chuma na mkiani umefungwa kichupa. Akauburura, akarudi na vichupa vya maji yasiyo na samaki hata mmoja. Majirani wakiuliza, "Bi Time, mwanao leo kavua nini?" Bibi hujibu, "Maji, kama kawaida yake," na hapo hapo anauliza bei ya mchele. Sisi watoto Shangazi alitueleza kwamba mle mna planktoni, viumbe na vimea vidogo visivyoonekana kwa macho. Dagaa hula hivyo, samaki wakubwa hula dagaa, na sisi tunawala wote. Tulimwamini, kwa sababu alikuwa hakosi ubuyu mkobani.

Sasa Alhamisi moja Shangazi aliufua wavu wake, akaung'oa kichupa, akauanika uani. Safari ya Uroa ilikuwa Jumamosi. Ulikuwa mwezi wa mwisho wa mwaka wake wa utafiti, na mwezi mmoja ukikosekana, kazi ya mwaka mzima inabaki na pengo lisilozibika. Wavu wa namna ile alikuwa nao huo huo mmoja.

Ijumaa asubuhi, nazi zimeshakunwa, kifumbu cha Bibi kikapasuka. Bibi akainua macho, akaona kitu cheupe, kisafi, kinaning'inia kwenye kamba, juu kipana na chini chembamba. Akakipiga fundo chini, akamshukuru Mungu.

Mchana huo wali wa nazi ulitoka mweupe, kila punje imesimama peke yake, na mchuzi wa changu ulikuwa mlaini mpaka tukaramba vidole. Shangazi alirudi kazini na njaa yake, akala, akaongeza, akasema, "Mama, tui la leo umelifanyaje? Halina hata chembe ya chicha."

"Nimepata kifumbu kipya," alijibu Bibi, amejaa raha.

Shangazi akatoka uani kwenda kuuanua wavu wake. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya mbuzi ya nazi, wavu mapajani unanukia nazi, akasema taratibu, "Mama, mafuta yakibaki kwenye vitundu hivi, kesho ntavua tui lako. Mwaka wangu wote ushakwenda."

Bibi alimtazama mwanawe, kisha wavu. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliiona ile kazi kuwa ni kazi. "Nazi nimeitia mimi," alisema, "na mimi ndo ntaitoa. Watoto, tieni maji motoni."

Tuliufua wavu ule kama shela ya bi harusi, kwa maji ya moto na sabuni, kwa ncha za vidole, Bibi anasimamia na kumfinya anayesugua kwa pupa. Kisha akavaa buibui lake, akatuchukua mpaka maabara ya Shangazi, Mji Mkongwe. "Nnataka kuona mwenyewe imetoka."

Shangazi akapitisha maji safi kwenye wavu, akaweka tone chini ya hadubini, akamwachia Bibi nafasi. Bibi akafumba jicho moja. "Vitone hivi vinavyong'ara?"

"Ndo tui lako, Mama."

Tukafua tena pale pale, na tena, mpaka tone likawa halina kitu. Ndipo Shangazi akamwekea tone jingine, la maji ya Uroa ya mwezi uliopita. Bibi akainama, na safari hii hakuinuka upesi.

"Subhanallah. Huyu ana miguu. Na hivi alivyobeba nyuma?"

"Mayai yake."

Bibi akainua uso, macho yamelowa. "Kumbe mwanangu huvui maji."

Jumamosi Shangazi alivua mwezi wake wa mwisho, ukatoka salama. Tangu hapo jirani akiuliza mwanao kavua nini, ajue hatoki pale mpaka chai iishe. Bibi alitoa amri moja tu: "Siku ukistaafu, kifumbu kile changu."

Shangazi kastaafu mwaka huu. Bibi hakuisubiri siku hiyo, Mungu amrehemu. Juzi tulikutana nyumba ile ile kumsomea hitma. Uani pana vigae sasa, hapana kamba ya kuanikia, na asubuhi haikwaruzi mbuzi hata moja. Wanangu, wanaoweza kukuonesha planktoni kwenye simu na kutelezesha kidole wampite kabla hajamaliza kutikisa mguu, walileta tui la maboksi. Shangazi akayasogeza pembeni, akaagiza nazi sokoni, akafungua mkoba wake.

Wavu ulikuwa umechemshwa, umekunjwa, mweupe vilevile. Tulikuna, tukachuja, tukakamua mpaka mikono ikachoka, vijana wanapiga picha. Mwisho Shangazi akachovya kidole kwenye tui, akaonja, akaelekea kona ambayo Bibi alikuwa akikaa.

"Mama," alisema, "wavu wako huu."