Misalaba ya Mbao za Baruti

Shemeji yangu Zunilda Araya alizaliwa jangwani, kwenye miji ya machimbo ya shura, ile chumvi ya kutengenezea mbolea na baruti, enzi ambazo machimbo yalikuwa yakifungwa moja baada ya jingine. Baba yake alikuwa mtoboa miamba. Mji ukifungwa, wanapakia magodoro na kuhamia unaofuata. Walihama mara nne katika miaka saba. Katika mmoja wa miji hiyo mdogo wake Anselmo alikufa kwa kifaduro, hajatimiza miaka miwili. Zunilda alikuwa na mitano.

Mama yao hakupenda kuulizwa habari hizo. Alichowahi kusema ni kwamba baba aliuchonga msalaba mwenyewe, kwa mbao za masanduku ya baruti. Akafa bila kutaja mji.

Tangu tulipomzika mama huyo hapa pwani, Tocopilla, Zunilda hakutulia. Anashona sare za shule, na katikati ya mshono unamkuta amesimama dirishani, sindano mdomoni, anaangalia milimani. Kaka yangu Hernán, mumewe, alimwambia mtoto aliyekufa hana pa kwenda, amwache apumzike. Zunilda akaja kwangu, kwa kuwa nina gari na kazi yangu bandarini ilikuwa imeisha.

"Unafanya nini Jumamosi?"

"Nalala."

"Utalala uzeeni. Njoo saa kumi na moja alfajiri, mkate na parachichi nitabeba mimi."

Ndivyo tulivyoanza. Tulikwenda kwenye miji ambayo haina hata mbwa: mabati yanapiga kelele kwa upepo, ukumbi wa sinema hauna paa, viatu vya watoto vimekauka mchangani kama maganda. Yeye hakushangaa chochote. Aliingia nyumba hadi nyumba, na katika kila chumba alilala chali sakafuni na kutazama dirisha. Kuhusu nyumba aliyofia Anselmo alikuwa akikumbuka kitu kimoja tu, kwamba kutoka kitandani kwake alikuwa akiona nusu ya tangi la maji na ncha ya bomba la moshi. Mara mbili nilimvuta kwa mguu kwa sababu boriti za juu zilikuwa zinalia. Alikasirika, akanitukana, kisha akaingia nyumba ya pili.

Mwaka wa tatu, katika mji wa La Porfiada, alilala chini na hakuinuka. Nikamwita. Akasema taratibu, "Lala hapa, uone."

Nikalala. Nusu ya tangi, ncha ya bomba.

Makaburini upepo ulikuwa umelamba majina yote. Makaburi ya watoto yamezungushiwa vijiti kama vitanda vyao. Misalaba ya mbao za baruti ilikuwa mitano. Niliona akienda kutoka mmoja hadi mwingine, akigusa misumari, akitafuta kazi ya mkono wa baba yake. Hakuutambua. Akakata mabati ya kopo kwa mkasi wake wa kushonea, akatengeneza maua, akaweka kwenye makaburi yote matano.

Nilidhani tumemaliza. Njiani kurudi akaniuliza, "Na kama kuna mji mwingine wenye dirisha kama lile?" Jumamosi iliyofuata tulipita La Porfiada, kisha tukaendelea mbele.

Mwaka jana tulimkuta pale makaburini La Porfiada mwanamke wa Iquique, Bi Griselda Tapia, amesimama mbele ya msalaba wa pili na picha ya zamani ya mazishi mkononi. Akauliza nani anamwekea dada yake maua. Nilitaka kueleza, lakini Zunilda alitangulia.

"Mimi. Nisamehe, mama. Nilikuwa sijui ni nani."

Bi Griselda akamwonyesha ile picha. "Mimi nina miaka themanini, sitaweza kuja tena," akasema. "Usiache kumwekea."

Kwa hiyo ikabaki misalaba minne ya kuulizia. Nilitegemea jambo hilo lingemfurahisha. Badala yake alizunguka gari mara tatu, akafuta vumbi kwenye kioo kwa kiwiko, akasema kumbe kila mmoja wa hawa ana mtu anayemtafuta mahali. Sasa anabeba daftari. Anaandika idadi ya misalaba ya kila mji na alama za misumari, na anawauliza wazee wa pwani ni ya nani. Hernán amechoka kulalamika. Siku hizi hutujazia chupa ya chai. Kesho tunakwenda mbali zaidi, kusini mwa reli ya zamani.

Anselmo bado hatujui yuko wapi.