Siku Nilipoposwa na Timu ya Lakrosi

Aibu yangu nitaitaja mapema ili mcheke mnyamaze: mimi ndiye yule msichana aliyekimbia hadi stesheni ya treni ya Rayners Lane, London, na hina vidoleni, kanga ya mtoko kiunoni na fimbo mkononi, akamfokea mwanamke wa Kimarekani kuhusu goti. Sasa nina mvi na digrii mbili, na hasira bado iko palepale nilipoiacha.

Fimbo ilikuwa ya lakrosi, mchezo wa kurushiana mpira kwa fimbo zenye vikapu vya wavu mwishoni. Shuleni kwetu wasichana walicheza huo, na kwa mbio zangu nikawa kiungo. Mwishoni mwa miaka ya tisini makocha wa vyuo vya Marekani wakaanza kuniulizia, nami nikajiona mtu wa kuchagua. Niliagiza kanda za video za timu zao nikazikagua sebuleni kama hakimu. Chuo kimoja nilikitupa kwa sababu wachezaji wa mwaka wa kwanza hawakuinuka benchi, kingine kwa sababu kocha alifoka mpaka shingo ikamvimba. Kwenye kanda ya chuo cha tatu mchezaji alitolewa akilia, na kocha akapiga magoti akazungumza naye. Nikasema ni hapa. Nilibakiwa na swali moja tu: mchezaji akivunjika goti, anaendelea kusoma kwa ufadhili uleule, au anarudishwa kwao? (Mama alikuwa akiwaogesha wazee wa watu kwenye nyumba ya kuwatunza. Bila ufadhili, hakuna Marekani.)

Kocha yule akapiga simu kwamba anapita London, nafasi ya kiungo imebaki moja, angependa kuja nyumbani kuiona familia. Mama akauliza mgeni huyo anakuja kufanya nini, na hapo ndipo nilipojimaliza, maana ningeweza kukaa nikamweleza, lakini nilikuwa nimechelewa mazoezi na natafuta soksi, nikajibu, "Ni kama posa tu, mama."

"Kama posa," akasema, akaizima pasi.

Siku yenyewe shangazi, dada yake marehemu baba, alivuka mji mzima kutoka Woolwich na sufuria ya biriani mapajani, kwa sababu posa haiendi bila mtu wa upande wa baba. Akanipaka hina vidoleni, nikadhani ananitania.

"Mshenga ni nani?" akauliza.

"Hakuna mshenga, shangazi. Ni kocha."

"Anakuja kujisemea mwenyewe?" Akamtazama mama. "Watu gani hawa."

Kocha akaja, akavua viatu, akala biriani mpaka akasifu. Shangazi akamhoji kwa Kiingereza chake cha Woolwich: wazazi wako hai? Kwenu mko wangapi? Kuna maradhi gani ya ukoo? Kocha wa watu akajibu kwa adabu kwamba mama yake ana kisukari, bibi yake pia. Kisha akanigeukia mimi, akauliza kama nina swali lolote kwake.

Nilifungua mdomo. Vidole vya shangazi vikanifinya paja chini ya kanga.

"Hana neno," akasema shangazi. "Kwetu msichana hasemi. Tutafikiri, tutakujibu."

"Lini?"

"Ukirudi mara ya pili."

Kocha akacheka, akidhani ni utani, maana kesho yake alikuwa anapanda ndege. "Timu yangu," akasema akiniangalia mimi, "kiungo ndiye anayepiga kelele kuliko wote." Nami nikaliangalia zulia. (Mtaniuliza kwa nini sikusema. Jaribuni nyinyi kumkatiza shangazi yenu mbele ya mgeni.)

Nikajipa moyo kwamba nitamweleza njiani, lakini nilipochukua koti shangazi akanizuia mlangoni. "Umsindikize mwenyewe? Watasema tumekuchoka." Mama ndiye aliyemsindikiza. Mimi nikapewa vyombo. Nikaosha sahani moja, ya pili ikanishinda, hasira ikanipanda hadi masikioni, nikanyakua fimbo (msiniulize ya nini) nikatoka mbio. Stesheni nikapita kwenye geti nyuma ya mwanamke mwenye kigari cha mtoto, nikateremka ngazi. Treni imesimama, kocha yumo ndani karibu na mlango, mama anampungia mkono.

"Nikivunjika goti mtanifukuza?" nikapiga kelele.

Watu wote wakageuka. Kocha aliiona fimbo juu, akaviona vidole vyekundu, akarudi hatua nyuma, mlango ukafungwa.

"Mbele za watu," akasema mama, "unamfokea mkwe?"

Wiki iliyofuata kocha akapiga simu. Alisema kwa upole kwamba familia haikuonekana kuwa tayari, na mimi mwenyewe alishindwa kunielewa, ndani kimya, nje vita, hivyo nafasi amempa msichana mwingine. La goti hakulijibu. Mtu anakula biriani yenu yote, anauliza mara moja tu, kisha anasema hamkuwa tayari.

Nilimfuata mama jikoni nikiwa nimepanga maneno makali.

"Amempa mwingine."

"Kabla hatujamjibu?"

"Ndiyo."

Akavuta kiti, akakaa. "Lakini sisi tulishakubali," akasema. "Tangu alipotaja kisukari cha mama yake. Mtu mwongo hakutajii ugonjwa wa kwao. Tulikuwa tunamngoja arudi tu, tusionekane tuna haraka na wewe."

Maneno yangu makali nikabaki nayo, na mengine ninayo hadi leo. Tangu hapo mama akiniuliza jambo, hata niwe nimevaa kiatu kimoja, nakaa chini nikamweleza lote, na neno "kama" silitumii nyumbani kwake. Goti langu, kwa taarifa yenu, halijawahi kuvunjika. Ndilo linaloniudhi kuliko yote.