Pasta ataweka mikono wapi?

Jumanne nilikuwa katika duka la vyombo vya muziki hapa Kitale nikingoja waya wa spika. Mbele yangu walisimama mama mweka hazina wa kanisa moja la Kabuchai na mpiga kinanda wao, baba wa makamo. Walitaka sintesaiza ya analogi, mashine ya kuunda sauti za muziki kwa umeme. Muuzaji aliweka mbili kwenye kaunta: moja ina vibonyezo kama kinanda chochote, nyingine ni sanduku la chuma tu la kufungwa kwa rafu, halina vibonyezo vya kupigia.

"Sauti ni moja," alisema.

"Basi tuchukue sanduku, mama," mpiga kinanda akasema. "Tutaliunganisha na kile kinanda tuko nacho. Hata kwa boda linabebeka."

Mama akalipapasa juu, akaligeuza nyuma, akalirudisha.

"Watu walichanga, ndugu. Jumapili litawekwa mbele liombewe. Sasa hapa pasta ataweka mikono wapi?"

"Si hapo juu tu."

"Hapo juu ni kama kuombea redio, bana."

Wakanunua yenye vibonyezo. Sasa kanisa lina vinanda viwili, na mikono ya kuvipiga ni ile ile miwili. Ya kuombea, angalau, imepata mahali.