Mgongo wa Mpika Pombe

Mpika pombe wetu wa Mugeta hajawahi kumtazama msemaji usoni. Mkutano ukianza, anageuza kigoda chake, anampa msemaji mgongo na kuikazia macho barabara ya Bunda, huku vidole vyake vinene vyenye harufu ya kimea vikichambua ulezi. Wageni huona hana adabu. Sisi tunajua. Enzi za mkoloni TANU ilikutana uani kwake, na gari la polisi likitokeza tu kwenye barabara hiyo, yeye alipiga kigelegele. Wanaume wakaacha siasa, wakainamia mirija kwenye chungu cha pombe kama walevi wa siku zote. Juzi bwana maendeleo kutoka wilayani akamkaripia, “Mama, uhuru tumeshapata, geuka!” Akajibu bila kugeuka, “Hata huo uhuru niliusikilizaga kwa mgongo, mwanangu.” Tulicheka mpaka mkutano ukavurugika. Ilipofika kuchagua mwenyekiti wa kijiji chetu cha ujamaa, tukamchagua yeye. Akabeba kigoda chake mwenyewe hadi mbele, akaketi akitutazama sote kwa mara ya kwanza, kisha macho yakapita juu ya vichwa vyetu.

“Hapa pazuri,” akasema, akiuvuta ungo wa ulezi. “Barabara naiona.”