Moshi wa Gunnvor

Katika miaka yote ya ndoa yake, Gunnvor hakuwahi kuwasha jiko la kuni la pale sebuleni. Kazi hiyo ilikuwa ya mumewe, Eilif. Gunnvor aliamka akakuta nyumba ina joto, akanywa kahawa yake, akateremka kijijini kufungua saluni yake ya nywele. Januari ile Eilif alipanda paa kukwangua theluji, akateleza, akavunjika nyonga. Alitibiwa hospitali, kisha akapelekwa kwenye kituo cha mazoezi ya viungo ng'ambo ya mlima. Gunnvor akabaki na jiko.

Siku ya kwanza nyumba ilijaa moshi mpaka king'ora cha darini kikalia. Alimpigia mumewe simu akiwa nje, amesimama kwenye theluji na soksi tu.

"Umefungua dohani?" Eilif aliuliza.

"Kwani dohani huwa inafungwa?"

Eilif alicheka mpaka nyonga ikamkumbusha kwamba imevunjika. Akamweleza kilipo kishikio cha kufungulia bomba hilo la moshi, na mlango mdogo wa hewa ulio chini ya jiko. Baada ya hapo Gunnvor alijifunza mwenyewe. Kuni alizitoa upande wa banda la kuni ulio karibu na mlango, maana huko nyuma kulikuwa na giza na ngazi imelazwa njiani. Na akagundua jambo lililomfurahisha sana: akishaujaza moto magogo, kisha akaubana mlango wa hewa karibu wote, jiko lilikuwa likinung'unika polepole kutwa nzima. Alirudi kutoka saluni akakuta bado lina uvuguvugu. Alijisifu kwa wateja wake. "Eilif alikuwa anakuza tu mambo," aliwaambia. "Jiko ni kama mtoto, ukilishibisha linalala."

Chini kidogo ya nyumba yao aliishi mzee Anfinn, mgane aliyefanya kazi kwenye machimbo ya mawe maisha yake yote na kutoka huko na mapafu mabovu. Asubuhi moja ya baridi kali, isiyo na upepo hata kidogo, alisimama kwenye uzio Gunnvor akipita kwenda kazini.

"Moshi wako umelala chini leo, mama."

"Na wenyewe unachoka, mzee," Gunnvor alimjibu akicheka. "Si unauona umri wake."

Anfinn naye alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akampungia mkono aende zake.

Haikupita wiki mbili. Gunnvor alikuwa anamkata nywele mke wa fundi bomba, na yule mama, akimtazama kupitia kioo, akasema, "Kumbe jirani yako wamemchukua na ambulensi. Anfinn. Alikuwa hapati pumzi kabisa, midomo ya bluu. Binti yake anasema nyumba nzima ilikuwa inanuka moshi, madirisha yamefungwa na bado unaingia."

"Moshi wa wapi?" Gunnvor aliuliza.

Yule mama alishusha macho. "Mimi sijui, bibi wee. Nasema nilichosikia."

Gunnvor alimaliza nywele zile, vibaya upande mmoja, akafunga saluni mapema. Hakwenda kwake. Alikwenda mpaka kwenye lango la Anfinn, akageuka, akatazama juu. Tangu Eilif aanguke hakuwahi kuitazama dohani yake kutoka pale. Moshi mzito wa kijivu ulikuwa unatoka, unamwagika juu ya paa, unateremka bustanini na kutambaa mpaka kwenye ukuta wa mzee. Ulinuka lami. Aliyakumbuka maneno yake ya kwenye uzio, neno kwa neno, na uso ukamwaka katika baridi ile.

Alizima jiko. Siku mbili alikaa ndani na koti na kofia, akila mkate na jibini iliyoganda. Eilif alipopiga simu alimsikia meno yakigongana, akamhoji mpaka akamweleza yote.

"Kujigandisha hakumponyi mtu," Eilif alisema. "Umechukua kuni za wapi?"

"Za karibu na mlango."

"Zile nilizikata msimu wa kupukutika majani, Gunnvor. Zimejaa maji. Kavu ziko nyuma."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza. Nami sikufikiria." Kisha sauti ikalegea. "Sikiliza. Ondoa ngazi. Magogo makubwa chini, vibanzi juu yake, washa kwa juu, uache ushuke wenyewe. Hewa wazi. Ukibana, moto hauli moshi wake, unautapika nje. Washa mdogo, mkali, uishe, kisha washa tena."

Alijifunza upya. Kila akiwasha alikimbia nje kutazama dohani, akarudi, akaongeza hewa, akakimbia tena. Hatimaye juu ya paa palibaki mtetemeko wa hewa ya moto tu, moshi huuoni. Hakufurahi. Alichowaza ni jinsi ilivyokuwa rahisi.

Jumapili alikwenda hospitali na mikate myembamba ya viazi aliyoipaka siagi na sukari. Anfinn alikuwa kitandani na mrija wa oksijeni puani. Gunnvor alimwambia yote bila kukaa: kuni mbichi, hewa aliyoibana.

"Nilijua," Anfinn alisema.

"Sasa mbona hukuniambia, mzee?"

"Nilikwambia."

Gunnvor alikaa, akaanza kufungua ile mikate.

"Daktari anasema ni vumbi la mawe," mzee aliendelea, akivuta pumzi kati ya maneno. "Na baridi, na uzee. Nikamuuliza, je, na moshi? Akasema labda kidogo. Basi chukua hicho kidogo chako, usichukue chote. Vingine ni vyangu." Akaonja mkate. "Umezidisha sukari."

Anfinn alirudi nyumbani theluji ilipoanza kulegea, na mtungi wa oksijeni ambao haukumwacha tena. Eilif naye alirudi na magongo yake, akakuta jiko lina mwenyewe. Alipotaka kubana hewa kidogo wapate kulala na joto, Gunnvor alimwondoa mkono.

Baridi ilirudi mara ya mwisho kabla ya kuisha. Upepo ukatulia kabisa, na asubuhi ile Gunnvor hakuwasha. Simu ikalia.

"Dohani yako imekufa," Anfinn alisema. "Kuna nini?"

"Hakuna upepo, mzee."

"Nimeona. Washa. Huyo mumeo mgonjwa atanyauka."

"Sawa, mzee."

Hata hivyo alikaa na koti lake kwa muda mrefu, simu mapajani, Eilif akimtazama kutoka kwenye kochi. Mwishowe alichagua vibanzi vikavu kuliko vyote, akawasha moto mdogo sana, akatoka kwenda kusimama kwenye lango la Anfinn, kichwa juu, akiitazama dohani yake.